Nani Aende Mkutanoni?

Mhadhara wa wazi kwa jumuiya ya chuo



Mada niliyopewa ni tunachojifunza kwa kuhudhuria mikutano ya kitaalamu ya teknolojia katika elimu ya juu. Nimehudhuria mingi, ya hapa nyumbani na ya nje, na ninaithamini. Mkutano wa eLearning Africa umefanyika Dar es Salaam mara mbili, Mei 2011 na tena Mei 2025, na mtu aliyefanya kazi vyuoni miaka yote hiyo akiulizwa tofauti ya nyakati hizo mbili hawezi kumaliza kueleza. Lakini sikuja kusimulia safari. Nimekuja kutetea hoja moja, nami naitetea nikijua kwamba humu ukumbini wapo ambao haitawapendeza: faida kubwa ya mkutano humwendea anayeshika kazi kwa mikono yake, ilhali vyuo vyetu vimezoea kumpeleka anayesaini karatasi.

Twende kwanza San Antonio, Texas, Desemba 1991. Wataalamu wa haipateksti, yaani maandishi yanayounganishwa ili msomaji aruke kutoka waraka mmoja hadi mwingine, walikuwa na mkutano wao. Watu wawili kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walikuwa wamepeleka makala juu ya mfumo wao mpya. Mmoja ni Tim Berners-Lee, Mwingereza. Mwenzake ni Robert Cailliau, Mbelgiji. Makala yao ilikataliwa. Waliruhusiwa tu kupata meza na kumwonyesha kazi yao yeyote atakayepita. Hoteli haikuwa na intaneti, kwa hiyo ilibidi waombe waya wa simu uvutwe hadi pale walipo, ndipo wakaunganisha kwa modemu. Kilichokuwa juu ya meza ile ni wavuti, hiihii ambayo wanafunzi wetu huifungua kwenye simu kutazama matokeo ya mitihani. Mkutano huohuo ulipofanyika tena Seattle mwaka 1993, anasimulia Berners-Lee, kila mradi ulioonyeshwa ulikuwa na jambo linalohusu wavuti.

Tafakarini ni nani aliyesimama mbele ya meza ile. Mkubwa anayehudhuria mkutano hupangiwa ratiba yake: hotuba ya ufunguzi, mada kuu, picha ya pamoja, chakula cha jioni na wafadhili. Hana muda wa kuzungukia mabango na meza ndogo, na hata akiupata, hana swali la kuuliza huko, kwa sababu tatizo linalojibiwa pale halijawahi kumfikia ofisini. Mwenye swali ni yule ambaye wiki iliyopita alikesha akijaribu kufanya jambo hilohilo likashindikana.

Kisa hicho kina mwendelezo unaotugusa moja kwa moja. Mei 1996, wavuti ikiwa tayari na mkutano wake yenyewe, ule wa tano ulifanyika Paris. Murray Goldberg, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alieleza zana aliyokuwa ameibuni ili kuweka masomo kwenye wavuti. Aliiita WebCT. Wahadhiri wa vyuo vingine waliitaka, ikageuka kampuni, kampuni ikauzwa, na mwaka 2006 ikanunuliwa na mshindani wake mkubwa, Blackboard. Vyuo vilivyokuwa vimechagua WebCT vikajikuta ni wateja wa kampuni ambayo havikuichagua.

Kabla ya mauzo hayo, Perth, Australia Magharibi, Chuo Kikuu cha Curtin kilikuwa kimeajiri msimamizi wa mfumo wa WebCT aitwaye Martin Dougiamas. Alikulia jangwani, akisomeshwa kwa redio ya masafa mafupi kwa kuwa hapakuwa na shule ya karibu. Alijua mwanafunzi aliye mbali anahitaji nini. Na kwa kuwa WebCT ilikuwa mikononi mwake kila siku, alijua inapwaya wapi, jambo ambalo hakuna mwenye mamlaka ya kununua angeweza kulijua. Akaandika mfumo wake mwenyewe, Moodle, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2002, chanzo chake kikiwa huria ili chuo chochote kiutumie na kuurekebisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia mifumo ya kununua kabla ya kutulia kwenye Moodle. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake wametawanyika nchi nzima, kinaitumia. Vyuo vingi vya Kenya na Uganda vinaitumia. Kwa hiyo mfumo ambao leo unabeba masomo ya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki ulitoka kwa mtu wa cheo kilekile ambacho, kwenye orodha zetu za safari, hakipo.

Sasa niwasimulie jambo dogo. Chuo nilichofanyia kazi zamani, ambacho sitakitaja, kilikuwa na chumba cha seva kilichotusumbua kila msimu wa mvua. Umeme ukikatika usiku, betri zilibeba seva mpaka jenereta lishike, na lilikuwa linashika vizuri. Asubuhi tukiingia tunakuta seva zimezima na chumba kinachoma. Tulibadilisha betri. Tukaletewa mshauri, akaandika kwamba tunahitaji seva mpya. Kwenye mkutano mmoja, wakati wa chai, nilikuwa nimesimama na fundi wa chuo cha nchi jirani, tunazungumzia habari za umeme wa kwao na wa kwetu. Akaniuliza, "Kiyoyozi chenu umeme ukirudi kinajiwasha chenyewe, au kinasubiri mtu abonyeze rimoti?" Kilikuwa kinasubiri mtu. Jenereta lilikuwa linarudisha umeme kwa seva na kwa kiyoyozi vilevile, lakini kiyoyozi kikabaki kimya mpaka asubuhi, seva zikijipasha moto katika chumba kilichofungwa bila dirisha. Dawa yake ni kununua kiyoyozi chenye uwezo wa kujiwasha, na kuweka viwili vinavyopokezana ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Gharama yake hata haikaribii bei ya seva mpya.

Hakuna mada iliyowasilishwa kwenye mkutano ule iliyokuwa na neno kiyoyozi. Wala mimi sikuenda kule nikiwa na swali hilo, kwa sababu sikujua kwamba ndilo swali. Lilijitokeza kwa kuwa watu wawili wenye chumba kinachofanana walisimama mahali pamoja wakiwa na dakika kumi na tano. Wakuu wawili wangesimama pale pale, wangezungumzia mpango mkakati. Siwalaumu; kila mtu huzungumza kazi yake. Ninachosema ni kwamba chuo kinachotaka vyumba vyake vya seva visizime kimpeleke mwenye funguo za chumba hicho.

Wapo walioliona hili mapema. AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao barani Afrika, ilianza mwaka 2000 huko Cape Town kwa utaratibu ambao mpaka leo naona ni bora kuliko wa mikutano mingi yenye jina kubwa. Kabla ya kikao cha hotuba hufanyika warsha ya siku kadhaa. Wakufunzi huingia chumba kitupu, wanalaza nyaya, wanafunga swichi na ruta, na kila mshiriki anapewa kompyuta aijenge mwenyewe mpaka iongee na ya jirani yake. Ukikosea mpangilio wa njia za data, meza nzima inapoteza mawasiliano na wenzako wanakutazama. Hapo ndipo unapojifunza. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kimesaidia warsha za namna hii kwa miaka mingi kwa vitabu, vifaa na wakufunzi. Na waliokuwa wanafunzi wa warsha za mwanzo wakarudi wakiwa wakufunzi. Mkutano huo ulipokuja Dar es Salaam mwaka 2011, vijana wa vyuo vyetu hawakuhitaji viza wala ndege. Humohumo katika mikusanyiko hiyo, mwaka 2004, wanawake mafundi wachache walijikusanya wakaanzisha AfChix, wakaanza kuwafundisha na kuwashika mkono wasichana wanaoingia kazi hizi. Hapa chuoni tuna mabinti wanaofunga mitandao vizuri kuliko wengi wetu. Nauliza kwa nia njema: ni nani kati yao amewahi kuletewa barua ya safari?

Tuangalie pia eduroam, kwa kuwa wengi mnaitumia bila kujua inavyofanya kazi. Mwanafunzi wa Makerere akifika hapa na kufungua kompyuta yake, inajiunga na mtandao wetu pasipo kuomba nywila kwa mtu. Kinachotokea ni hiki: kompyuta yake inataja chuo chake, seva yetu inalipeleka ombi kwa seva ya taifa, nayo inalipitisha mpaka Kampala. Makerere wanahakiki nywila ya mwanafunzi wao, wanarudisha jibu moja tu, mruhusuni au mkatalieni. Sisi nywila yake hatuioni kamwe. Mtu aliyepeleka wazo hili kwa wenzake mwaka 2002 ni Klaas Wierenga, mhandisi wa mtandao wa vyuo wa Uholanzi, SURFnet, na wahandisi wa nchi chache za Ulaya wakalijaribu pamoja. Hakuna sheria iliyolazimisha chuo chochote kujiunga. Mfumo mzima umesimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana huko kulijengwa na watu waliokutana uso kwa uso mara kwa mara, wanaofahamiana kwa majina, ambao seva ya mmoja ikikataa kuitikia mwenzake anapiga simu usiku huohuo. Uganda, kupitia mtandao wao wa vyuo, RENU, wameufikisha eduroam hata nje ya kuta za vyuo, mwanafunzi akaupata akiwa mjini. Sisi tunaweza kufanya hivyo. Lakini kazi hiyo huanza kwa fundi wetu kumjua fundi wao.

Hapa najua swali litakaloulizwa: je, wakubwa wasiende popote? Waende, ila kwenye jambo lao. Wale wenye umri wangu wanakumbuka intaneti ya dishi, kabla ya mikonga ya baharini. Chuo kizima kiligawana uwezo ambao leo mtu mmoja anautumia kwenye simu yake, kwa bei iliyomaliza bajeti ya idara. Mkonga wa SEACOM ulipowashwa tarehe 23 Julai 2009, na wa EASSy mwaka uliofuata, watu walidhani tatizo limekwisha lenyewe. Halikuwa limekwisha, kwa sababu mkonga unafika pwani, na kutoka pwani mpaka darasani kuna njia ya kulipia. Vyuo vilivyofaidika mapema ni vile ambavyo wakuu wake walikuwa wameshakubaliana kununua pamoja. Kenya walikuwa na KENET tangu mwaka 1999. Mwishoni mwa mwaka 2005, mitandao ya vyuo ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini iliunda UbuntuNet Alliance, yenye ofisi zake Lilongwe, ili vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika viunganishwe vyenyewe kwa vyenyewe na pia na mtandao wa utafiti wa Ulaya. Tanzania tuna TERNET. Makubaliano ya namna hiyo hayawezi kufanywa na fundi. Yanahitaji Makamu Mkuu wa Chuo anayeweza kusema, mbele ya wenzake, chuo changu kitalipa. Mkutano wa kufunga makubaliano ni wa mkubwa. Mkutano wa kujifunza namna ya kuyatekeleza ni wa mwingine, na mikutano ya aina hii ya pili ni mingi zaidi.

Lipo eneo moja la mikutano ambalo ningependa fundi na mkubwa waende pamoja, bega kwa bega: ukumbi wa maonyesho. Wauzaji wa mifumo wanalipia nafasi zao, na nyingi ya gharama za mikutano hubebwa na fedha hizo, kwa hiyo ni haki yao kuuza. Wamefunzwa kuuza. Mkubwa anaonyeshwa skrini yenye rangi, chati za mahudhurio, na siku hizi programu ya akili unde inayosahihisha insha; anarudi na kijitabu na ahadi ya punguzo la bei. Fundi akiwa pembeni yake atauliza mambo mengine. Bei ni kwa dola au kwa shilingi, na inahesabiwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja? Maana wanafunzi wakiongezeka na shilingi ikishuka, bei inapanda kutoka pande zote mbili. Data zetu zinakaa nchi gani? Siku tukiamua kuachana nanyi, tutapewa maksi na masomo yetu katika muundo gani, na kwa malipo gani? Mfumo ukigoma siku ya mtihani, ni nani atapokea simu, na kwake itakuwa saa ngapi? Kiswahili kinaandikika ndani yake? Mwanafunzi mwenye kifurushi kidogo cha intaneti atakula megabaiti ngapi kwa somo moja? Nimewahi kumsikia kijana mmoja wa kitengo cha usaidizi akiuliza swali hilo la mwisho, na muuzaji, ambaye alikuwa muungwana, akakiri kwamba kampuni yake haijawahi kulipima. Jibu hilo peke yake lilitosha kutulinda na mkataba wa miaka mitatu.

Jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti ni posho. Safari ya mkutano inachukuliwa kuwa nyongeza ya kipato, na hivyo inagawiwa kwa ukubwa, au kwa zamu, kana kwamba ni haki ya kila mmoja kuonja. Naelewa inatoka wapi. Mishahara yetu tunaijua sote. Lakini mradi safari inahesabiwa kuwa zawadi, hakuna atakayemuuliza aliyerudi amejifunza nini, kwa sababu zawadi haina hesabu. Ndiyo maana ripoti za safari tunazoandika zinafanana hivyo: shukrani kwa uongozi, orodha ya mada, changamoto mbili, mapendekezo matano yanayoanza na neno "chuo kiangalie uwezekano". Zinafungwa kwenye faili na faili linarudishwa masjala.

Napendekeza tuiache ripoti hiyo kabisa. Anayerudi afanye kitu kimoja mbele ya wenzake. Kama alijifunza kupima upotevu wa data kwenye mtandao, aupime wa bweni mojawapo na sote tukiwapo, atuonyeshe namba. Kama aliona chuo kingine kinavyohifadhi nakala za kila usiku, achukue nakala yetu ya jana na kujaribu kuirudisha kwenye mashine tupu, tuone kama kweli inarudi. Hili la nakala nalisema kwa uchungu, maana vyuo vingi huchukua nakala kila usiku bila kuzijaribu hata mara moja, na siku ya msiba ndipo hugundua kwamba faili ni tupu. Atengewe wiki mbili bila kazi nyingine, na fungu dogo la fedha lisilohitaji saini nne. Mtu aliyerudi na jambo jipya kichwani, akalikuta dawati lake limejaa maombi ya kubadilisha wino wa printa, baada ya mwezi atakuwa amesahau.

Tena si lazima tusafiri mbali. Morogoro pekee ina Sokoine na Mzumbe. Dodoma wana chuo kikubwa kabisa. Dar es Salaam vyuo vinaweza kutembeleana kwa daladala. Mafundi wa vyuo hivi wanakabiliwa na hitilafu zilezile, kwa vifaa vilevile, mara nyingi kutoka kwa wauzaji walewale, na wengi wao hawajawahi kukutana. Mkutano wao hauhitaji hoteli, mabegi yenye nembo, wala mgeni rasmi. Unahitaji darasa moja lenye umeme wa uhakika siku ya Jumamosi, chai na vitafunwa, na kanuni kwamba kila atakayekuja aje na tatizo moja ambalo bado halijatatuliwa, alieleze kama lilivyo bila kulipamba. Wenzetu madaktari wana utaratibu wa kukaa pamoja kujadili mgonjwa aliyewashinda, na hakuna anayeona aibu. Sisi bado tunaficha mfumo ulioanguka.

Kwa hiyo, Makamu Mkuu wa Chuo, kwa heshima yote, naomba mambo mawili yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ujao. La kwanza, nusu ya fungu la safari za mikutano ya TEHAMA itengwe kwa watumishi walio chini ya ngazi ya mkuu wa kitengo, na majina yao yapendekezwe na wenzao kazini kutokana na kazi iliyopo mezani, si kutokana na nani hajawahi kwenda. La pili, chuo chetu kiwe mwenyeji wa mkutano huo wa Jumamosi kwa mara ya kwanza. Ukumbi tunao, na jikoni nimeshazungumza nao kuhusu chai. Pendekezo lenyewe, pamoja na makadirio ya gharama, nimelikabidhi kwa katibu wa kikao hiki ili lifike kwenye Kamati ya Fedha kabla ya makisio kufungwa.